Juma Moja katika Nchi ya Omani: Namna ya Kuipanga Safari ya Jangwani

Katika Sura ya Kureshi Mwenyezi Mungu awakumbusha watu wa Makka neema ya safari zao mbili, ile ya wakati wa baridi na ile ya wakati wa joto. Wafasiri wametueleza kwamba safari ya baridi ilikuwa ya kwenda Yemen, na safari ya joto ilikuwa ya kwenda Sham. Watu wale walizaliwa jangwani, na ngamia wao walizijua njia zake kuliko sisi tuzijuavyo njia za mitaa yetu. Na juu ya hayo yote kila msimu waliupa njia yake, wala hawakujaribu kwenda kusini na kaskazini kwa pamoja. Katika jambo hili mna fundisho kwa kila aazimiaye kupita jangwani, hata kama leo atapanda motokaa badala ya ngamia.

Twalitaja hili kwa sababu jamaa nyingi za Waislamu wa pwani yetu zina ndugu katika nchi ya Omani, na wengi huweka akiba miaka na miaka ili wapate kwenda kuwatazama. Jamaa yetu ni moja katika hizo. Inshallah twatazamia kuondoka Tanga katika likizo ya shule ya mwezi wa Desemba, watu sita: mama yetu aliyekwisha kupita miaka sabini, sisi wazazi wawili, vijana wetu wawili wa kiume, na binti yetu mdogo. Maskati tutapokewa na mpwa wetu aishiye huko, naye ndiye atakayeendesha gari. Siku tulizo nazo za kutembea ni saba, wala haziongezeki.

Vijana walituletea karatasi waliyoiandika kwa hati nzuri. Ndani yake walikuwa wamepanga Maskati, Sur, Ras al-Jinz wanakotaga kasa, vilima vya mchanga vya Wahiba, Nizwa, Jabal Shams, Jabal Akhdar, kisha Salalah na kurudi. Mwisho kabisa, chini ya karatasi, walikuwa wameandika: Ibra, kwa mama mdogo, kama muda utabaki. Huyo mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja na mama yetu, nao hawajaonana ana kwa ana kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama aliisoma karatasi, akaikunja, akaturudishia bila ya kusema neno. Tukafahamu kwamba kazi ya kuipanga safari ile yataka kuanzwa upya.

Hatukuwalaumu vijana, kwa maana ramani humdanganya mtu. Yafaa kwanza kuijua nchi yenyewe. Omani ina ukubwa wa kilomita za mraba 309,500, yaani karibu thuluthi moja ya Tanzania. Upande wa kaskazini umesimama mlima wa Hajar, ambao kilele chake, Jabal Shams, chakaribia mita 3,000. Katikati ni jangwa tupu la changarawe na mchanga, linaloungana upande wa magharibi na ule ukiwa mkubwa uitwao Rub al-Khali. Kusini kabisa ni Dhofari, nchi ya ubani. Mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said aliposhika ufalme, barabara za lami katika nchi nzima hazikuzidi kilomita kumi hivi. Alipofariki mwezi wa Januari 2020, na nafasi yake kushikwa na Sultani Haitham bin Tariq, lami ilikuwa imekwisha kufika kila pembe. Basi leo gari hukimbia kwa wepesi mahali ambapo babu zetu walihesabu marhala kwa siku. Lakini jua ni lile lile, kiu ni ile ile, na urefu wa nchi haukupungua hata shibiri moja.

Tuanze na Salalah, maana ndiyo iliyoleta ubishi. Kutoka Maskati mpaka Salalah ni yapata kilomita elfu moja, na sehemu kubwa ya njia hiyo, kupita Adam na Haima, ni uwanda usio na mlima wala mti, na vituo vya petroli viko mbalimbali. Kwenda na kurudi ni kilomita elfu mbili. Mzunguko wote tuliouchagua kwa siku saba, pamoja na miji yake yote, hauzidi sana urefu wa kwenda tu Salalah bila ya kurudi. Mwenye siku saba akienda Salalah kwa gari na kurudi, atakuwa ameiona barabara, nchi hakuiona.

Tena kuna jambo la msimu. Sifa ya Salalah ni ile manyunyu ya khariif, ambayo huyageuza majabali ya Dhofari yakawa kijani kibichi kuanzia mwisho wa Juni mpaka katikati ya Septemba. Sisi watu wa pwani twaujua upepo ule unaoleta manyunyu hayo: ni wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni. Lakini katika miezi hiyo hiyo upande wa kaskazini ni tanuri. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulioko pwani baina ya Maskati na Sur, ulipita usiku na mchana mzima ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Je, mtu mwenye akili atampeleka mama wa miaka sabini mahali hapo? Na mwezi wa Desemba, wakati kaskazini kuna hewa ya kupendeza, khariif haipo. Kila msimu una njia yake, kama walivyojua Makureshi.

Kuiacha Salalah si jambo jepesi, nasi hatutaki kulifanya liwe jepesi. Karibu yake, katika mji wa Mirbat, amelala Sayyid Muhammad bin Ali, aitwaye Sahib Mirbat, ambaye masharifu wote wa ukoo wa Ba Alawi hutokana naye. Na ni nani katika pwani yetu, kutoka Lamu hadi Ngazija, asiyewajua masharifu hao na elimu waliyoieneza? Pana pia magofu ya Zafar ya kale, bandari ya ubani. Hayo yote tumeyaweka kwa safari nyingine, Mungu akipenda, na safari hiyo itakuwa ya Salalah peke yake. Kadhalika tumeacha Ras al-Jinz, kwa kuwa kutazama kasa ni kazi ya usiku na wingi wao ni katika miezi ya joto. Tumeacha na Jabal Shams, kwa kuwa mlima mmoja watosha.

Vijana walipoona majina yanafutwa walihuzunika, tukawasimulia habari za Ibn Battuta. Bwana huyu alifika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, na alipoondoka kwetu alivuka bahari mpaka Dhofari, kisha akaifuata pwani ya Omani. Chombo kilipotia nanga Sur, aliuona mji wa Qalhat ubavuni mwa mlima, akaudhania kuwa karibu. Akashuka na mwenziwe mmoja wa Kihindi aitwaye Khidhr, wakamwajiri mtu wa kuwaongoza njia, wakaenda kwa miguu. Kumbe karibu ya macho si karibu ya miguu. Mabonde yakafuatana mmoja baada ya jingine, maji yakawaishia, na yule kiongozi alikuwa na nia ya kuwanyang'anya nguo zao. Mwenyezi Mungu aliwaletea wapanda farasi waliowapa maji. Usiku Ibn Battuta hakulala, alikesha akizilinda nguo. Na alipoingia Qalhat miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu, akakaa siku sita hawezi kutembea. Naye alikuwa amekwisha kuzunguka nchi ngapi! Ikiwa bwana wa wasafiri alidanganywa na mwendo wa kilomita ishirini na kitu, sisi tutajidai nini mbele ya kilomita elfu mbili?

Sasa tueleze mpango wenyewe, siku baada ya siku, ili atakaye aupime kwa hali yake.

Siku ya kwanza, Jumapili, ni ya Maskati, nayo tumeifanya fupi kwa makusudi, kwa kuwa watu watakuwa wametoka katika ndege na saa ya Omani imetangulia ya kwetu kwa saa moja. Tutasali katika Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao zulia la ukumbi wake mkubwa lina uzito wa tani 21. Jioni tutapita soko la Mutrah kununua halua na tende za kuchukua njiani. Mtu asishangae akiita kwa Kiswahili dukani na kujibiwa kwa Kiswahili. Wako wengi huko waliozaliwa Unguja, au ambao mama zao walizaliwa Unguja.

Siku ya pili, Jumatatu, tutashika njia ya pwani mpaka Sur, mwendo wa kilomita 200 hivi, mlima mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto. Njiani tutasimama Qalhat, ambapo limebaki kuba la Bibi Maryam na magofu yaliyotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2018, ili vijana wapime kwa macho yao umbali ule uliomdanganya Ibn Battuta. Sur ni mji wa mafundi wa vyombo na manahodha. Chombo cha zamani kiitwacho Fatah al-Khair kimewekwa pale nchi kavu, watu wakitazame. Vyombo vya namna hii vilikuja kwetu na kaskazi, vikileta tende na samaki wa chumvi, vikarudi na boriti na karafuu. Wala si haki kuwaficha watoto kwamba katika vyombo vya bahari hii walipakiwa pia watu waliotekwa na kuuzwa utumwani, wengi wao kutoka bara yetu. Atakayewaonyesha watoto wake uzuri wa jahazi awaeleze na machozi yaliyosafiri ndani yake. Ukweli ni katika malezi.

Siku ya tatu, Jumanne, tutaingia bara mpaka Ibra. Kutoka Ibra na vijiji vya jirani walihamia Unguja watu wengi katika karne ya 19, na ndiyo maana nyumba kadhaa za huko zina milango ambayo mtu wa pwani ataitambua kwa nakshi. Hapa ndipo anapokaa mama mdogo, na hapa tumeweka siku mbili kamili. Tumeuweka ujamaa katikati ya juma na wala si mwishoni, kwa sababu siku ya mwisho ndiyo iliwayo na ajali za njia: gurudumu likipasuka, mtu akiugua, mvua ikinyesha, siku ya mwisho ndiyo ilipayo deni. Na kuunga udugu ni wajibu, kutazama majabali ni starehe. Haiwi wajibu ukae nyuma, kisha starehe ikae mbele.

Siku ya nne, Jumatano, ndiyo siku ya soko la wanawake la Ibra, ambalo wauzaji wake na wanunuzi wake ni wanawake watupu. Mama yetu, mdogo wake, mke wetu na binti wataingia huko asubuhi. Sisi wanaume tutakaa nje tukinywa kahawa na kungoja kuitwa kubeba. Baada ya alasiri vijana na binamu yao watakwenda Bidiya, mwendo wa saa moja hivi, wakalale usiku mmoja penye vilima vya mchanga wa Wahiba. Mchanga huo umeenea zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na vilima vyake hupanda mita mia na zaidi. Hivyo vijana watapata nyota zao, na wazee wawili watapata usiku mmoja zaidi wa kuzungumza mambo ya zamani ambayo hayazungumzwi mbele ya watoto.

Siku ya tano, Alhamisi, tutakwenda Nizwa. Kabla ya kufika tutasimama Birkat al-Mawz, maana yake birika la ndizi, tuitazame falaji ya al-Khatmeen, moja katika falaji tano za Omani zilizotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Falaji ni mfereji: wazee wale walichimba kisima chini ya mlima mpaka wakayafikia maji, kisha wakachimba njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo kabisa, maji yakaenda yenyewe bila ya kamba wala mashine mpaka mjini. Falaji zipatazo elfu tatu zafanya kazi hata leo. Lililotupendeza zaidi ni tartibu yake. Maji yakitoka chini ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa kuteka ya kunywa. Kisha hupita msikitini na penye kuogea. Mwisho ndipo huingia mashambani, kila mtu kwa zamu yake, na zamu zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Uhai kwanza, kisha ibada, kisha mali. Tulipoyasoma haya tuliitazama tena karatasi yetu, tukaona kwamba na saa za safari zataka kugawanywa kwa mtindo huo huo.

Siku ya sita, Ijumaa, baada ya alfajiri, vijana watalitazama soko la mifugo la Nizwa, ambapo wanunuzi husimama duara na wauzaji huwazungusha mbuzi mbele yao. Kisha tutapanda ngome. Mnara wake mkubwa wa mviringo ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi katika karne ya 17, na yasemekana kazi ilichukua miaka 12. Imamu huyu ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Na mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Tutasali Ijumaa na wenyeji, kisha tutakwenda Bahla, kwenye ngome kubwa ya udongo, na Jabrin, kwenye husuni aliyoijenga mwana mwingine wa imamu yule, Bil'arab bin Sultan, akaifanya mahali pa elimu na dari zake akazipamba. Lakini ndugu hawa wawili waligombana. Saif alimzingira nduguye ndani ya Jabrin ile ile, na Bil'arab akafia humo, na kaburi lake limo humo. Twataka vijana wetu wawili wasimame pale pamoja. Hatutawahubiria; kaburi litasema.

Siku ya saba, Jumamosi, tumeiacha tupu. Ikiwa njia imekwisha kuidai, tutailipa. Ikiwa imebaki, tutapanda Jabal Akhdar, kwa kuwa njia yake yaanzia pale pale Birkat al-Mawz tunapopita kurudi Maskati. Askari hulisimamisha kila gari chini ya mlima, wala hawaruhusu gari ambalo nguvu yake haifiki magurudumu yote manne, kwa ajili ya ukali wa mteremko. Juu, yapata mita 2,000, mna vijiji na bustani za ngazi kwa ngazi. Tumekwisha waambia watoto mapema kwamba mwezi wa Desemba hawatayakuta mawaridi, ambayo ni ya mwezi wa Aprili, wala makomamanga, ambayo huvunwa mwisho wa joto; watakuta baridi, na kila mtu achukue sweta. Kutoka hapo mpaka Maskati ni kilomita 150 hivi, nazo tutazimaliza mapema.

Hiyo ndiyo njia. Yamebaki mambo ambayo pasipo hayo njia yote ni bure.

La kwanza ni sala. Katika madhehebu yetu ya Shafii, safari iliyotimiza marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa leo huzikadiria kilomita 80 na zaidi kidogo, humruhusu msafiri kupunguza adhuhuri, alasiri na isha zikawa rakaa mbili mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi. Maadamu hatukunuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa yabaki safari nzima. Nasi katika mpango wetu hatukukaa popote muda huo. Lakini akituongoza imamu aliye mkazi, kama mpwa wetu akiwa Maskati nyumbani kwake, yatupasa kutimiza naye rakaa nne. Wengi wa wenyeji watakaotukaribisha ni Waibadhi. Kijana akiwaona wameiteremsha mikono katika sala, asikodoe macho wala asianze ubishi msikitini. Ni ndugu zetu, Kibla chetu kimoja na Kitabu chetu kimoja.

La pili ni maji. Jangwani kila mtu huhesabiwa lita nne au tano za kunywa kwa siku moja, hata katika baridi, nayo hukaa ndani ya gari, si katika ahadi ya duka lililo mbele. Maji yakiwa machache, kunywa hutangulia udhu, na tayamamu ipo kwa ajili ya siku kama hiyo. Sheria haikumtaka mtu afe kwa kiu akiwa na udhu.

La tatu ni mabonde. Waarabu huyaita wadi, nayo kwa mwaka mzima huonekana makavu, yenye mitende na kivuli cha kupumzikia. Mvua yaweza kunyesha mlimani, mbali, na wewe uliyekaa bondeni waona mbingu nyeupe juu yako, mara maji yakaja kama ukuta. Mwezi wa Aprili 2024, huko Samad al-Shan, upande wa Ibra tutakakopita, mafuriko yaliwachukua watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari, wakafa. Twaomba Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao. Kwa hiyo amri yetu ni moja: wadi ikiwa na maji yaendayo, hata kama yafika nusu ya gurudumu tu, gari husimama, hata tukilala hapo. Kawia ufike.

La nne ni gari lenyewe. Omani huendesha upande wa kulia, kinyume cha kwetu, na mazoea ya mtu hayabadiliki kwa siku moja; ndiyo sababu usukani tumeutia mikononi mwa mpwa wetu. Baada ya magharibi hatutakuwa katika njia baina ya mji na mji, kwa kuwa ngamia huvuka barabara gizani, na agongaye ngamia huangukiwa naye juu ya kioo. Huko mchangani vijana hawataingia peke yao: watafuatana na gari la mwenyeji wa Bidiya ajuaye njia, na upepo wa magurudumu utapunguzwa kabla ya kuingia na kujazwa baada ya kutoka. Nambari ya polisi wa nchi ile wakati wa hatari ni 9999. Kila mmoja ameihifadhi, hata binti mdogo.

Yuko atakayesema: mbona tahadhari nyingi namna hii, tawakali iko wapi? Jawabu lake amekwisha litoa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwa yule aliyemwuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kumfunga ngamia wa leo ni kuhesabu kilomita, kupima maji, kuuliza msimu, na kujua lipi la kuacha. Na hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Tena amefundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao amiri. Tulipofika hapo tulishauriana, mama yetu akiwa mkuu wa shauri. Akamchagua yule mjukuu wake mkubwa aliyeililia sana Salalah: yeye ndiye atakayeshika karatasi, kuhesabu maji kila asubuhi, na kumwambia dereva simama. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akaomba kalamu, akaandika karatasi upya, na safari hii jina la Ibra liliandikwa kwanza, kwa herufi kubwa, kabla ya majina mengine yote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie kheri safari hii na safari za jamaa zote za Waislamu, awahifadhi walioko njiani na waliobaki nyumbani, na awakutanishe ndugu waliotengana kabla haujafika mtengano usio na marejeo. Amin.